Nati ya oili inavuja hata nikiikaza

SWALI: Naendesha bodaboda kati ya Kyela, Ipinda na Matema. Oili nabadilisha mwenyewe nyumbani, ila nati ya chini inavuja hata nikiikaza kwa nguvu zangu zote. Nifanyeje?

JIBU: Hizo nguvu zako zote ndizo ugonjwa wenyewe, ndugu yangu. Nati ni chuma, tumbo la injini ni alumini. Wakishindana, alumini ndiyo inayong'oka meno. Anayezuia oili ni ile washa nyembamba, ya shaba au alumini. Ikishabonyea haizibi tena, kwa hiyo weka mpya kila unapomwaga oili.

Acha injini ingurume dakika chache, zima, kisha mwaga oili ikiwa vuguvugu. Pangusa pale nati inapokalia: punje moja ya mchanga wa Matema inatosha kuvujisha. Anza kukaza kwa vidole. Ikigoma, itoe uanze upya. Malizia kwa spana fupi, na ukihisi washa imebana, ishia hapo.

Ikivuja bado, huenda meno yameliwa. Mpelekee fundi akate mapya; kuziba kwa sabuni na tepu ni kujidanganya.

Oili chafu weka kwenye dumu. Ukiimwaga mtaroni, mvua za Kyela zitaifikisha Ziwa Nyasa.