Mbuzi chotara: apate kundi lake kwenye maonyesho?

Wandugu wanachama, somo letu la mara hii linaanza na swali linaloleta kelele kila tukitaka kupanga maonyesho ya mifugo: mbuzi chotara, yule mwenye baba wa kigeni na mama wa kienyeji, ashindane na nani?

Wengine wanasema asiingie kabisa, maana hana aina. Wengine wanasema aingie na wote, mkubwa ashinde. Sisi tunaona majibu yote mawili yatatuletea hasara.

Chotara ni nani?

Beberu wa damu safi akipanda mbuzi wa kienyeji, mtoto anapata asilimia 50 ya damu ya kigeni. Jike huyo akipandwa na beberu safi mwingine, mtoto wake ni wa 75. Anayefuata ni wa 87.5.

Yule wa nusu kwa nusu mara nyingi anakua haraka kuliko mama yake, na anavumilia maisha ya huku kuliko baba yake. Hii njo nguvu ya uchotara. Lakini chotara wa nusu akipanda chotara wa nusu, karibu nusu ya nguvu hiyo inapotea, na watoto hawafanani: mmoja mkubwa, mwingine kama bibi yake.

Hatari ya kuwachanganya

Kundi likiwa moja, mwamuzi anaangalia mwili. Beberu chotara mnene anapata zawadi, na kesho yake kila mtu, toka Baraka mpaka Lulimba, anamtaka. Anauzwa kwa bei ya damu safi. Watoto wakizaliwa, mnunuzi analia.

Na mbuzi wa kienyeji? Anachekwa na kupelekwa sokoni. Tusisahau: wakati wa vita wengi wetu tulipoteza mifugo, tukaanza upya na mbuzi mmoja tu, tukampa jirani mtoto wa kwanza. Mbuzi mfupi anayezaa vizuri bila dawa nyingi ni akiba ya nyumba. Akiisha, hata chotara hatutampata tena.

Wengine wanafanyaje?

Uingereza, wafugaji wa farasi wadogo wa Welsh wako na daftari la pekee la chotara: anaandikwa mwenye angalau asilimia 12.5 ya damu ya Welsh. Kenya, wafugaji wa mbuzi wa maziwa wanaandika chotara kwa ngazi, kizazi baada ya kizazi. Na ng'ambo ya ziwa letu, Tanzania, kuna mbuzi wa Malya: asilimia 55 Kamorai, 30 Boer, 15 wa kienyeji. Alianza kama chotara, leo ni aina yenye jina. Alifika huko kwa kuchaguliwa na kuandikwa vizazi vingi.

Tunapendekeza hivi

1. Makundi yawe matatu: kienyeji, chotara, damu safi. Zawadi ziwe sawa.
2. Chotara aje na daftari: baba, mama, tarehe ya kuzaliwa, ngazi ya damu. Asiye na daftari aonyeshwe tu, asishindane.
3. Jike chotara apimwe kwa kazi: amezaa wangapi, wangapi wamefika kuachishwa maziwa.
4. Beberu chotara ashindane kama mbuzi wa nyama. Zawadi ya mzazi bora asipewe.
5. Mbuzi wote wawe wamechanjwa sotoka angalau wiki 3 kabla. Mgonjwa abaki nyumbani, maana maonyesho yanaweza kusambaza ugonjwa katika vijiji vyote.

Zoezi la kikundi

Kila mwanachama ataje mbuzi wake mmoja: baba yake ni nani? Hesabuni wangapi wanajua. Kama ni wachache, msipange maonyesho kwanza. Nunueni daftari, muanze kuandika.