Pikipiki Mpya Ikifika Garissa, Anza kwa Fundi

Ukinunua pikipiki mpya Garissa, usipakie abiria kabla hujaipitisha kwa fundi. Sisemi ni mbovu. Hizi za cc 100 hadi 150 zinazobeba mji huu ni ngumu, hazinywi mafuta mengi, na spea zake utazipata hata Dadaab. Ila aliyeichora alikuwa na lami akilini, na mvua ya kawaida, na watu wawili wasio na gunia la sukari katikati yao. Mchanga na miiba ametuachia sisi.

Anza na filta ya hewa. Boksi lake limefichwa ubavuni chini ya kiti, karibu kabisa na gurudumu la nyuma linalotimua vumbi. Kitabu cha pikipiki kitakuhesabia kilomita. Wakati wa jilaal, yaani kiangazi, achana na kilomita, fungua kila wiki. Kama filta ni ya sponji, ifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ianike kivulini, kisha itie matone machache ya oili na uikamue. Ya karatasi haifuliwi: igongegonge, halafu ipulizwe upepo kutoka ndani kwenda nje. Vijana wengi huuvisha mdomo wa boksi soksi ya kike ya nailoni. Inasaidia, mradi uifue nayo pia, maana ikiziba injini inakosa pumzi na plagi inakuwa nyeusi. Kipimo changu ni kidole. Chomoa mpira unaounganisha boksi na kabureta, pangusa ndani. Ukihisi chembechembe, jua vumbi linapitia ukingoni mwa filta. Paka grisi nyembamba pale inapokalia. Wapo wanaoing'oa filta kabisa wakisema pikipiki inapata mbio. Acha iwe na mbio zake. Baada ya muda ringi zitalika na utaanza kutoa moshi wa bluu barabarani.

Cheni nayo ina mambo yake. Usiipake oili nzito iliyotumika, ingawa ni ya bure na kila gereji inayo. Oili ile hushika mchanga, na mchanga wenye oili ni msasa. Safisha kwa dizeli au mafuta ya taa, kausha kwa kitambaa, kisha paka oili ya gia kidogo jioni cheni ikiwa bado ya moto, na asubuhi futa iliyozidi. Kuikaza, kaza mtu akiwa amekaa nyuma. Ukiikaza pikipiki ikiwa tupu, mzigo ukikaa shoku zinashuka na cheni inazidi kukazika, na hapo bearingi na sproketi ndizo zinazolipa.

Sasa miiba. Mathenge, mti uleule uliowafanya watu wa Baringo kuipeleka serikali mahakamani, umejaa huku kuanzia kingo za Tana hadi kwenye nyua za watu, na mwiba wake unapita tairi bila taabu. Pikipiki hizi nyingi huja na matairi ya tyubu. Dawa ya kienyeji ni kukata tyubu kuukuu kwa urefu na kuilaza kati ya tairi na tyubu nzima. Inafanya kazi, lakini mipira miwili ikisuguana kwenye lami ya saa nane mchana hupata moto, kwa hiyo nyunyiza poda ya mtoto kabla ya kufunga. Usipunguze upepo kupita kiasi ili upite mchangani: tairi huteleza kwenye rimu, huivuta tyubu, na valvu inakatika shinani. Hiyo haizibiki. Ndiyo maana nati ya valvu siikazi kwenye rimu; naipandisha juu hadi kwenye kifuniko chake. Tyubu ikianza kusogea, naiona valvu imeinama mapema, natoa upepo na kuirudisha mahali pake.

Stendi ya pembeni huzama mchangani na pikipiki kulala chini. Mwambie fundi wa kuchomelea aongeze kibati cha ukubwa wa kiganja. Madigadi ya mbele iko karibu mno na tairi, na msimu wa mvua tope linajaa hapo hadi gurudumu likatae kuzunguka. Iinue kwa washa nene. Ukivuka maji kama yale ya Novemba 2023, mafuriko yalipoikata barabara kati ya Madogo na mjini, breki za drami zitakuwa hazishiki. Endesha polepole huku ukizigusa hadi zikauke.

Kilichobaki ndicho kinachonikera zaidi, na hapa wa kulaumiwa si mchoraji. Ubavuni kushoto, kando ya gurudumu la nyuma, pikipiki nyingi za kutoka India huja na wavu wa chuma au kinga ya plastiki. Kanuni za magari za India za mwaka 1989 zinataka angalau nusu ya gurudumu la nyuma ikingwe, ili nguo ya abiria isivutwe ndani. Waliwafikiria wanawake wa sari wanaokaa upande. Huku mama zetu wanakaa upande vilevile, wamevaa madira na majilbabu marefu, na mara nyingi miguu inakuwa upande huohuo wa cheni na spoku. Katika pikipiki nzima, hicho ndicho kifaa kilichotufaa bila kurekebishwa, na ndicho tunachokitoa kwanza ili tufunge keria pana na vyuma vya pembeni. Mwanamke akipanda, tunabaki kumwambia, "Mama, kusanya nguo."

Keria inaweza kuchomelewa nje ya wavu. Ni suala la kumwambia fundi aongeze vipande viwili vya bomba. Ukinunua mpya, sema mapema wavu usiguswe. Kama wako umeshatolewa, waulize mafundi: wanazo nyingi nyuma ya vibanda, na bei yake ni ndogo.