Maswali na Majibu: Kauli za Kiingereza katika Majadiliano (KCSE, Karatasi 101/1)

Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika mtihani wa KCSE nchini Kenya huandikwa kwa saa 2 na ina alama 60: uandishi wa kiuamilifu 20, kujaza mapengo 10, stadi za mazungumzo 30. Nusu ya karatasi ni mazungumzo, lakini mtahiniwa hafungui mdomo. Anathibitisha kwa kalamu kwamba anajua kauli ipi hufanya kazi ipi. Alama zilizo kwenye mabano ni za zoezi hili.

1. Eleza maana ya kauli ya majadiliano. (alama 2)

Kauli ya majadiliano ni fungu la maneno linalofanya kazi maalumu baina ya wazungumzaji, kwa mfano kutoa maoni, kuomba nafasi, kukubali, kupinga au kuomba ufafanuzi. Alama moja ni ya fungu la maneno, ya pili ni ya kazi. Asiyetaja kazi hupata nusu.

2. Tofautisha majadiliano na mdahalo. (alama 4)

(a) Majadiliano hutafuta uamuzi wa pamoja, ilhali mdahalo hutafuta upande utakaoshinda.
(b) Katika majadiliano wanakikundi husemezana wao kwa wao, ilhali katika mdahalo mzungumzaji humwelekea spika: "Madam Speaker".

"I beg to oppose the motion" ni kauli ya mdahalo. Ikiwekwa katika mjadala wa kikundi ni kosa la sajili, hata kama sarufi yake ni safi. Kumbuka pia kwamba neno "tofautisha" hudai pande mbili katika kila hoja. Upande mmoja ni maelezo, haujawa tofauti.

3. Sahihisha kauli zifuatazo na utoe sababu. (alama 6)

(a) "According to me, the library should open on Sunday."
Sahihi: "In my opinion, the library should open on Sunday." Sababu: "according to" hutaja chanzo kingine, kama vile gazeti, mwalimu au ripoti. Maoni yako mwenyewe hutanguliwa na "in my opinion" au "I think".

(b) "I am agree with you."
Sahihi: "I agree with you." Sababu: "agree" ni kitenzi kikuu, hakihitaji "am".

(c) "Let us agree with a date."
Sahihi: "Let us agree on a date." Sababu: "agree with" hufuatwa na mtu au maoni yake, "agree to" hufuatwa na pendekezo unaloliridhia, "agree on" hufuatwa na jambo ambalo pande zote zinaliamua pamoja. Kariri hizi tatu, kila moja na mfano wake.

4. Soma mazungumzo haya, kisha ujibu maswali. (alama 8)

Mwanafunzi wa kwanza: "I think we should plant the trees behind the laboratory."
Mwanafunzi wa pili: "No! You are wrong. There is no water there."
Mwanafunzi wa kwanza: "You always oppose me."

(a) Taja makosa mawili ya mwanafunzi wa pili. (alama 2)
Kwanza, amemhukumu mtu badala ya hoja: "You are wrong". Pili, amepinga bila kupendekeza mahali pengine. Kusema kwamba hakuna maji si kosa. Hiyo ni sababu nzuri iliyoharibiwa na kauli iliyoitangulia.

(b) Taja kosa la mwanafunzi wa kwanza katika kauli yake ya mwisho. (alama 1)
Ameacha mada na kuingia katika ugomvi. Alipaswa kujibu suala la maji.

(c) Andika upya kauli ya mwanafunzi wa pili kwa adabu. (alama 3)
"I see your point, but there is no tap behind the laboratory. Could we plant them near the kitchen instead?"

Upinzani wa adabu una sehemu tatu: kukiri, sababu, pendekezo. Kila sehemu ina alama yake. Watahiniwa wengi huandika "I disagree with you" na kuishia hapo. Kauli hiyo haina kosa la sarufi, lakini imebeba upinzani mtupu, nami siwezi kuipa alama ambazo haikuzifanyia kazi.

(d) Tofautisha "I agree to some extent, but…" na "I'm afraid I disagree". (alama 2)
Ya kwanza ni upinzani wa sehemu: mzungumzaji anakubali kiasi na kukataa kiasi. Ya pili ni upinzani kamili uliolainishwa. "Afraid" hapa haimaanishi woga. Kazi yake ni kulainisha.

5. "Samahani" hutumika katika hali tatu. Toa kauli ya Kiingereza kwa kila hali. (alama 3)

Kabla ya kumkatiza au kumwita mtu: "Excuse me". Baada ya kukosa: "Sorry". Usiposikia vizuri: "Pardon?" Ukiomba nafasi katikati ya mjadala, "Sorry to interrupt, but…" pia ni sahihi. Neno "Sorry" pekee halitoshi, kwa sababu halionyeshi kwamba unaomba kusema.

6. Tofautisha kuomba marudio na kuomba ufafanuzi. (alama 4)

Kuomba marudio ni kutaka maneno yaleyale yasemwe tena kwa kuwa hukuyasikia: "Could you say that again, please?" Kuomba ufafanuzi ni kutaka maana kwa kuwa uliyasikia lakini hukuyaelewa: "What do you mean by…?" "Repeat!" ni amri na haipati alama katika swali la adabu.

7. Mwenyekiti anaona mwanakikundi mmoja amenyamaza. Aseme nini? (alama 1)

"We haven't heard from you yet. What do you think?" Usiandike "Why are you quiet?" Hilo ni swali la kumlaumu, wala halimwaliki kusema.

8. Taja kiimbo cha kawaida cha kila swali. (alama 3)

(a) "Do you agree?" Kiimbo hupanda, kwa kuwa jibu ni ndiyo au hapana.
(b) "What do you think?" Kiimbo hushuka, kwa kuwa swali linaanza kwa neno la kuulizia.
(c) "Pardon?" Kiimbo hupanda, kwa kuwa kazi yake ni kuomba marudio.

Andika "rising" au "falling" waziwazi. Mshale pekee, bila neno, usiutegemee.