Ganzi ya vidole: je, ni lazima nipasuliwe?

*Mimi ni mama wa miaka 46, fundi cherehani hapa Nkololo, Bariadi. Usiku vidole vya mkono wa kulia vinakufa ganzi hadi naamka kuukung'uta mkono. Siku hizi hata sindano inaniponyoka. Nimeambiwa nipasuliwe, naogopa.*

Hofu yako naielewa, ila upasuaji huu ni mdogo. Penye kifundo cha mkono, mshipa wa fahamu hupita kwenye njia nyembamba iliyofunikwa na utepe mgumu. Njia ikijaa uvimbe, mshipa hubanwa. Ndiyo maana kidole gumba, cha shahada na cha kati hufa ganzi, kidole cha mwisho kikisalimika.

Daktari huukata utepe huo ili mshipa upate nafasi. Hupasua kiganja sentimita chache, au hupitisha kamera kwenye tundu dogo. Matokeo hukaribiana, ila kwa kamera mgonjwa hurudi kazini mapema kidogo. Kwa kawaida hutiwa ganzi mkono tu, na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Nguvu za kushika hurudi baada ya miezi kadhaa.

Ganzi inayokuja na kuondoka hutibiwa kwanza kwa gango la usiku kwa wiki 6 au kwa sindano ya dawa. Pima sukari pia, maana kisukari huweza kuchangia tatizo hili.

Wewe vitu vinakuponyoka, kwa hiyo usikawie. Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa. Ikibidi watakuandikia rufaa ya kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza. Nyama chini ya kidole gumba ikishasinyaa, huenda isirudi yote.