Mahali Kwanza, Mapambo Baadaye: Jinsi ya Kupanga Harusi Yenye Sura Yenu

Ukishavishwa pete, kitu cha kwanza kujaa kwenye simu ni picha. Rafiki anakutumia jukwaa la maua meupe, shangazi anakutumia tenti ya dhahabu, na wewe mwenyewe usiku uko Pinterest. Wiki mbili zikiisha una picha 200 na bado hujui unataka nini. Wakati huo huo, mpambaji wa kwanza mliyempigia ameshaomba nusu ya pesa "ili asipeane hiyo tarehe."

Somo la leo ni kuhusu hatua za kufuata kabla hamjatuma hiyo nusu. La kukumbuka ni moja: mapambo hayabadilishi mahali, yanakamilisha mahali. Mkichagua mahali panapofanana nanyi, mtalipia vitu vichache. Mkichagua pasipofanana nanyi, pesa nyingi itaenda kwa vitambaa vya kuficha kuta.

Hatua ya 1: Andikeni mtindo wenu kwa maneno

Wekeni picha kando kidogo. Kila mmoja achukue karatasi yake na ajibu maswali matatu bila kumwangalia mwenzake:

- Mgeni akiingia, ahisi nini? Utulivu, shangwe, heshima, au kama amekuja nyumbani?
- Ni rangi gani mbili tunazipenda hata siku ambayo si ya harusi?
- Ni kitu gani cha kwetu ambacho lazima kionekane?

Swali la tatu ndilo huleta sura ya kweli. Kwa familia ya Pwani huenda ni asumini, vikuba na harufu ya udi. Kwa wengine ni vibuyu, vyungu, ushanga au kitenge alichochagua nyanya. Kitu kimoja chenye maana hukumbukwa kuliko maua mia yaliyoigwa kutoka kwa harusi ya mtu mwingine.

Linganisheni majibu. Mkitofautiana, hiyo si shida. Mmoja akitaka utulivu na mwingine shangwe, ibada inaweza kuwa tulivu na karamu ikachangamka. Na kama mnatoka jamii mbili, msilazimishe kila meza ibebe tamaduni zote mbili. Siku ya mahari iwe na rangi zake, na harusi iwe na zile mlizokubaliana.

Karatasi hiyo itawasaidia pia mbele ya kamati. Kila mtu ana maoni, na mengi yanatoka moyoni. Ni rahisi kusema, "Mama, meza ya wazazi pambeni mnavyopenda, lakini jukwaa tumeshakubaliana," mkiwa tayari mmekubaliana.

Hatua ya 2: Pelekeni mtindo wenu mahali

Tembeleeni mahali saa ile ile sherehe itakayofanyika. Ukumbi unaopendeza saa nne asubuhi unaweza kuwa na giza saa kumi na mbili jioni. Jua letu huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hiyo karamu ikichelewa, taa ni lazima.

*Bustani.* Kijani kipo tayari, hivyo maua machache yanatosha. Gharama iko kwa tenti na sakafu. Mvua za masika huja Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Ulizeni kama tenti ina kuta za pembeni na kama kuna njia kavu ya mzee anayetembea kwa mkongojo. Upande wa Limuru na Tigoni, kati ya Juni na Agosti baridi na ukungu si mchezo. Viti vya nje bila kitu cha joto vitawafukuza wageni mapema.

*Ukumbi wa kanisa, shule au hoteli.* Hapa mvua haiwasumbui, lakini angalieni rangi ya kuta, pazia na zulia. Kama kuta ni za manjano na rangi yenu ni waridi, mtanunua vitambaa vingi. Ulizeni pia kama wanaruhusu misumari, mishumaa na kuning'iniza vitu darini. Ulizeni mpambaji ataruhusiwa kuingia saa ngapi.

*Ufuoni.* Bahari yenyewe ni pambo. Lakini angalieni ratiba ya maji kujaa na kupwa, hasa wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga. Msije mkapanga viti pahali ambapo maji yatafika wakati wa viapo. Upepo wa kusi nao hupeperusha vitambaa vyepesi, kwa hiyo chagueni vitu vizito na vya chini. Tena, tangu 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye fuo, misitu, mbuga za taifa na maeneo mengine ya hifadhi. Chupa za maji, mirija na sahani za kutupa visiwe kwenye mpango wenu.

*Nyumbani ushago.* Mahali ni bure, na huenda ndipo panapofanana nanyi kuliko pengine pote. Ila hesabuni vyoo, jenereta, maegesho, barabara ikinyesha, na usafiri wa kubeba mapambo kutoka mjini.

Hatua ya 3: Hesabuni kitu kinachojirudia

Bajeti nyingi haziharibiwi na jukwaa. Zinaharibiwa na meza. Jukwaa ni moja, lakini kitu kidogo cha mezani hujirudia kila meza.

Tuchukue mfano. Hizi ni namba za kufanyia hesabu tu, si bei za soko. Mna wageni 250, watu kumi kwa meza, kwa hivyo meza 25.

- Maua ya meza kwa shilingi 3,000: 3,000 × 25 = 75,000
- Kifuniko cha kiti na utepe kwa shilingi 100: 100 × 250 = 25,000
- Mishumaa ya shilingi 400 kwa meza: 400 × 25 = 10,000

Jumla ni 110,000 kabla hamjagusa jukwaa. Sasa badilisheni maua yawe ya shilingi 1,200 kwa meza, labda chungu kidogo chenye majani na ua moja. Hiyo ni 30,000. Mmeokoa 45,000, na wageni hawataona pengo. Pesa hiyo ipelekeni pale macho na kamera zitakapokaa: mlango wa kuingilia, mahali pa viapo na jukwaa.

Na kama harusi ni Februari, agizeni maua mapema. Kabla ya tarehe 14 waridi hutafutwa na kila mtu, na bei hupanda.

Hatua ya 4: Lipeni kwa hatua, na kila hatua iwe na sababu

Kabla ya kulipa chochote, pateni orodha iliyoandikwa: idadi ya meza, aina ya viti, rangi, aina ya maua, saa ya kumaliza kupamba, na nini kitatokea tarehe ikibadilika au mmoja akijiondoa. "Tutawafanyia kitu kizuri" si orodha.

Kwa kazi ya 200,000, mnaweza kuomba mpango kama huu:

- 60,000 ya kushika tarehe, baada ya kusaini orodha.
- 100,000 wiki mbili kabla, baada ya kuoneshwa meza moja ya mfano iliyopambwa kamili.
- 40,000 siku yenyewe, mtu mliyemteua kwenye kamati akishakagua kila kitu.

Msimwachie bibi harusi kazi hiyo ya mwisho. Siku hiyo simu yake iwe mbali naye.

Mkilipa kwa simu, zingatieni haya:

- Lipeni kwenye namba ya biashara. Soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Kama si jina lililo kwenye orodha, simamisha kwanza, uliza.
- Hifadhi ujumbe wa kila malipo na uandike kando yake ni awamu ya ngapi. Ujumbe huo ndio risiti yako.
- Kikomo cha kawaida ni shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku. Kama ukumbi ni ghali zaidi ya hapo, gawanya malipo mapema, usingoje asubuhi ya mwisho.
- Michango ya kamati ikae kwenye namba yake, si kwenye laini unayolipia kodi ya nyumba. Mweka hazina asome hesabu kila mkutano.
- Kuomba muamala urudishwe ni kwa ajili ya pesa iliyoenda kwa namba isiyo sahihi. Si dawa ya mpambaji aliyeleta maua ya rangi nyingine. Dawa ya huyo ni orodha iliyosainiwa na ile awamu ya mwisho ambayo bado iko mkononi mwenu.
- Kama ukumbi unachukua pesa ya dhamana ya vitu kuharibika, andikeni itarudi lini na kwa namba ya nani.

Kuhusu yule mpambaji anayeharakisha, mwambieni mnahitaji siku mbili za kuona mahali na kuandika orodha. Aliye makini atawangojea, na huenda akaomba mwende pamoja apime ukumbi. Akikataa hata kuandika anachouza, muacheni na tarehe yake, mtafute mwingine mapema.