Mtoto Anapoanza Kutembea

Bismillahir Rahmanir Rahim

(Tafadhali usisome karatasi hii imamu akiwa juu ya mimbari. Ipeleke nyumbani, umsomee na asiyejua kusoma. Usiitupe chini wala usifungie samaki, kwani ina jina la Allah.)

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumba yake na masahaba zake wote. Ama baad.



Somo letu la Ijumaa hii ni mtoto anayetambaa, anayesimama na kuanza kutembea. Najua wapo watakaosema: "Maalimu, hayo ni mambo ya wamama, sisi utueleze habari za Swala na Zaka." Basi tuanzie msikitini, tena juu ya mimbari.

Amesimulia Burayda (R.A.), na hadithi hiyo imo katika vitabu vya Abu Daud, Tirmidhi na Nasai, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akihutubia watu. Wakaingia wajukuu zake, Hasan na Husein, wamevaa kanzu nyekundu, wanatembea na kujikwaa. Mtume akakatiza maneno yake, akateremka mimbarini, akawabeba na kuwaweka mbele yake. Kisha akawakumbusha watu kwamba mali na watoto ni mtihani, kama alivyosema Allah katika Sura At-Taghabun, aya ya 15. Akaeleza kwamba alipowatazama watoto wale wanatembea na kujikwaa, hakuweza kuvumilia mpaka akashuka.

Tulitazame jambo hili vizuri. Sote tunajua heshima ya khutba: hata anayemwambia mwenzake "nyamaza" amekosea. Na mwenye khutba siku ile ni Mtume wa Allah. Hakupaza sauti kumwita mama yao, Bi Fatima. Hakumtuma binti mdogo akawashike. Alishuka mwenyewe, akainama mwenyewe. Na watoto wale hawakuwa karibu na moto wala ziwa. Walikuwa wanajikwaa tu.

Katika Sura An-Nahl, aya ya 78, Allah anatukumbusha kwamba alitutoa matumboni mwa mama zetu hali hatujui lolote, akatupa kusikia, kuona na nyoyo. Mtoto wa miezi 9 au 10 yuko katika kazi ya kuvitumia vipawa hivyo, na anaifanya kutwa nzima bila kupumzika. Anashika kijiko, anakipiga chini, anakitia mdomoni, anakitupa, anakifuata alipokitupa. Wewe unaona fujo, yeye yuko shuleni. Kumpiga kibao kwa sababu ameshika kisu ni kumwadhibu mtu kwa kosa asilolijua, na mtoto mdogo kalamu haimwandikii. Ondoa kisu.

Watu huniuliza pia kuhusu mtoto anayechelewa. Jirani yako ana mtoto wa miezi 10 anatembea, wako ana miezi 14 bado anashika ukuta, na bibi ameanza kuleta maneno. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2006 matokeo ya uchunguzi wa watoto wenye afya kutoka nchi 5, zikiwemo Ghana na Oman. Walio wengi sana walianza kutembea peke yao kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu hivi. Wapo wachache ambao hawakutambaa kabisa kwa magoti, nao walitembea. Kwa hiyo miezi 14 si ugonjwa. Akifika miezi 18 hajatembea, au mguu mmoja ni mlegevu kuliko mwingine, mpeleke kituo cha afya. Hirizi ya mguuni haitamtembeza, na shanga zake zikikatika atazitia mdomoni zimkabe.

Sasa tuje kwetu Vitshumbi. Mtoto wa Goma anajifunza kutembea juu ya mawe ya volkano, na mama yake anaogopa pikipiki. Wa kwetu anajifunza kati ya ziwa na pori la Virunga, kijiji hakina uzio upande wowote. Marabu wanatembea uani kama kuku, wanagombania matumbo ya samaki, na mtoto akiwaona anacheka, anawafuata mpaka majini. Chini kuna nyavu, na ndani ya vumbi kuna ndoano. Baba ametega jioni, anarudi asubuhi, analala. Mama yuko ufukoni na samaki. Basi mtoto anabaki na nani?

Nitasema la nyumbani kwangu, nisionekane nawanyooshea wengine kidole. Binti yangu wa pili alikuwa na miezi 11. Nilikuwa nimetoka ziwani alfajiri, nimelala. Mama yake alikuwa ameenda kuchukua samaki. Mtoto aliachiwa dada yake wa miaka 8, naye akatoka nje kidogo kuona wenzake wakiruka kamba. Mbabula ilikuwa chini, karibu na mlango, juu yake sufuria ya samaki inachemka. Mtoto alitaka kusimama. Tunajua wanavyosimama: wanashika kilicho karibu na kujivuta. Alishika ukingo wa sufuria.

Kilio ndicho kilichoniamsha. Mtu mmoja akampaka dawa ya meno, mwingine akaleta mafuta ya mawese. Mkono ulipona, Alhamdulillah, lakini vidole viwili havinyooki hadi leo. Siku ile nilimpiga dada yake. Nilimpiga mtoto wa miaka 8 kwa kuchoka kufanya kazi yangu. Jioni watu wakaja kutupa pole, wakasema: "Maalimu, vumilia, ni kadari ya Mungu." Nikaitikia, na moyo ukatulia haraka kuliko ulivyostahili.

Ndugu Waislamu, kuamini kadari ni nguzo ya imani, heri yake na shari yake, na hakuna anayepunguza hilo. Lakini tunalitumia neno hili kama pazia. Mtu alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake na kumtegemea Allah, au amwache huru na kutegemea. Akaambiwa amfunge na amtegemee Allah. Hadithi hiyo ameipokea Tirmidhi kutoka kwa Anas (R.A.). Na Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, akaamua kurudi na watu. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anakimbia kadari ya Allah. Umar akajibu kwamba ndiyo, wanaikimbia kadari ya Allah kuelekea kadari ya Allah. Akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeshuka bonde lenye pande mbili, moja ina majani na nyingine ni kavu: popote atakapolisha, atalisha kwa kadari. Mbabula iliyowekwa mlangoni ni upande mkavu wa bonde. Ukiisogeza, hujatoka katika kadari ya Allah hata hatua moja.

Kwa hiyo mbabula ikae mahali mtoto hafiki, izungushiwe mabao au matete yaliyofungwa imara, mbali kidogo ili yasishike moto, na mkono wa sufuria utazame ndani. Mtoto akiungua, Allah atuepushe, mmwagie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, mfunike kwa kitambaa safi, mwende kituo cha afya. Dawa ya meno, mafuta na udongo vinamwongezea madhara. Mafuta ya petroli ya taa yasiwekwe katika chupa ya soda. Mtoto akiyanywa msimtapishe, maana yakirudi juu yanaingia mapafuni. Mbebeni upesi kwa muuguzi.

Kuhusu maji, wengi wetu tunaogopa ziwa tu. Mtoto mdogo anazama hata katika beseni la kufulia. Kichwa chake ni kizito kulingana na mwili, akiinamia maji kichwa kinatangulia, na mikono haina nguvu ya kumwinua. Wala hapigi kelele. Anayezama yuko kimya, na ni suala la dakika chache. Beseni likishatumika limwagwe na kufudikizwa. Bidoni ifungwe. Pipa liwe na kifuniko kizito.

Hapa kuna hadithi ambayo mtu wa Vitshumbi anaweza kudhani imesemwa ufukoni kwetu. Jabir bin Abdillah (R.A.) amesimulia, na wameipokea Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) aliamrisha usiku unapoingia watoto wazuiwe ndani, mpaka sehemu ya kwanza ya usiku ipite, milango ifungwe kwa jina la Allah, vyombo vifunikwe, taa zizimwe. Katika mapokezi mengine akataja panya anayeweza kuuburuta utambi na kuwaunguzia watu nyumba. Kuhusu watoto, Mtume alitaja kuenea kwa mashetani saa hiyo. Viboko naviongeza mimi, wala sisemi vimo katika hadithi. Lakini ni saa ile ile. Jua likizama kiboko anatoka ziwani kwenda kula majani, anapita njia yake ya kila siku, na kama njia hiyo iko kati ya nyumba mbili anapita kati ya nyumba mbili. Idadi yao imepungua sana tangu miaka ya 1970, lakini mmoja anatosha. Na ndiyo saa ambayo mama anasonga bugali, baba amekwisha kwenda ziwani, na mtoto aliyejua kutembea juzi anauona mlango uko wazi.

Kufunika vyombo nako kuna faida tunayoijua vizuri hapa, kwa sababu tunachota maji ya ziwa na kipindupindu si mgeni kwetu. Mtoto anayetambaa anatia kila kitu mdomoni, hata mkono uliotoka kwenye matope ya samaki. Maji yake yachemshwe au yatiwe klorini, na mikono yake inawishwe kwa sabuni kabla ya kula. Akiharisha aendelee kunyonya, na apewe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa na ukingo wa kijiko. Akilegea msingoje asubuhi.

Narudi kwa wababa. Mvuvi aliyekesha ana haki ya kulala, na mwili una haki juu yake. Sisemi msilale. Ninalosema ni kwamba mtoto akabidhiwe kwa maneno, mtu kwa mtu: "Mama fulani, sasa yuko kwako." "Baba fulani, amka umshike, mimi nakwenda ufukoni." Siku ile nyumbani kwangu kila mmoja alidhani mwenzake anamtazama. Na mtoto wa miaka 8 anaweza kucheza na mdogo wake mbele ya mkubwa, lakini ulinzi wenyewe hauwezi, naye ana haki ya kwenda shule. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, akamtaja mwanamume katika watu wa nyumba yake, na mwanamke katika nyumba ya mumewe na watoto wake. Kila mmoja ana swali lake. Hakuna litakalopelekwa kwa binti wa miaka 8.

Wengine wanaona haya kumbeba mtoto mbele za watu, eti watachekwa pale kwenye mitumbwi. Mtume (S.A.W.) aliswalisha watu huku amembeba Umama, binti wa binti yake Zaynab, akisujudu anamweka chini, akisimama anambeba tena. Hilo limo katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Qatada (R.A.). Na Bi Aisha (R.A.) alipoulizwa anafanya nini nyumbani, alisema alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa Swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Anayecheka amcheke nani?

La mwisho ni la msikiti wetu. Wamama wawili wameniambia wameacha kuja Ijumaa kwa sababu watoto wao wakitambaa kwenye safu wanatazamwa vibaya. Mtume (S.A.W.) akisikia mtoto analia alifupisha Swala, akimhurumia mama yake. Warudi. Na kabla hawajarudi, pipa letu la kutawadhia halina kifuniko, na ubao wa mlango wa nyuma unaotazama ziwa umevunjika tangu mvua. Fundi wa mitumbwi amekubali kutukatia mbao bila malipo. Wenye misumari na nyundo wabaki baada ya Swala ya leo.

Wabillahi tawfiq.