Namna ya Kusoma Taarifa ya Uendelevu ya Kampuni: Mfano wa Sasol

Kila mwaka kampuni kubwa za kemikali na nishati hutoa taarifa ya uendelevu, na kurasa za mwanzo hujaa picha za miche na watoto wa shule. Ziruke. Nenda moja kwa moja kwenye majedwali.

Tuchukue Sasol ya Afrika Kusini, iliyoanzishwa mwaka 1950. Kiwanda chake cha Secunda, mkoani Mpumalanga, hutengeneza petroli, dizeli na kemikali kutokana na makaa ya mawe. Makaa hupashwa moto kwa mvuke na oksijeni mpaka yawe gesi, kisha gesi hiyo hupitishwa kwenye kichocheo chenye chuma, yakatoka mafuta. Hewa ukaa humwagika humo humo kiwandani, kabla petroli haijaingia kwenye gari la mtu. Ndiyo maana Secunda peke yake hutoa zaidi ya tani milioni 50 za gesijoto kwa mwaka.

Mwaka 2021 kampuni iliahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 ifikapo 2030. Kupunguza kutoka wapi? Kutoka kiwango cha 2017. Na kwa hesabu ya nini? Ya viwanda vyake na umeme inaonunua. Moshi wa wateja wanaounguza mafuta yake una hesabu nyingine. Kisha tazama safu ya uzalishaji: Secunda imewahi kuzalisha pungufu kwa sababu ya makaa duni, na kiwanda kinachozalisha kidogo hutoa moshi kidogo bila teknolojia yoyote kubadilika.

Kipimo chenyewe pia hubishaniwa. Sheria ilitaka salfa dioksidi ya mabwela ya Secunda ipimwe kwa miligramu katika kila mita ya ujazo ya moshi. Sasol iliomba ipimwe kwa jumla ya tani. Tofauti si ndogo: ukizima bwela moja, jumla inashuka, lakini moshi wa mabwela yaliyobaki ni mchafu vilevile. Ombi lilikataliwa mwaka 2023. Aprili 2024 Waziri wa Mazingira, Barbara Creecy, aliikubali rufaa ya Sasol. Wakazi wa eneo la Secunda wana haki ya kuuliza sababu, hasa kwa vile mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Pretoria ilitamka kwamba hewa chafu ya eneo hilo inavunja haki yao ya kikatiba.

Upande wa usalama, usiridhike na kiwango cha majeruhi kwa saa za kazi. Kinaweza kushuka mwaka ule ule watu wanapokufa. Mlipuko wa Secunda wa Septemba 2004 uliua watu 10. Vifo visomwe kwa idadi yake.

Mwisho, tafuta barua ya mkaguzi wa nje, ambayo kwa kawaida huwa kurasa za nyuma. Humo hutajwa takwimu alizozihakiki, na mara nyingi si zote.